Siri ya Mtungi wa Moto

Wahenga wetu walisema, siri ya mtungi yaijua kata. Maana yake hata mtoto mdogo aifahamu: anayeingia ndani kila siku ndiye ajuaye kama maji yamejaa au yamekwisha, kama ni safi au yana viluwiluwi. Lakini leo, msomaji mpenzi, nataka tukae tuulizane jambo moja. Je, mtungi uliopotelewa na kata yake kwa muda wa miaka mia nane au mia tisa, siri yake ataijua nani?

Nauliza hivyo kwa sababu katika majumba ya makumbusho ya Kairo, Paris na miji mingine mingi kuna vyungu vidogo vya ajabu. Kila kimoja ni cha kiasi cha kutoshea katika kiganja, au kimezidi kidogo. Mwili wake ni wa mviringo, na chini kimechongoka mfano wa pia wanayoizungusha watoto. Shingo yake ni fupi, na tundu lake ni dogo hata kidole cha mwisho hakipiti. Udongo wake umechomwa ukawa mgumu kama jiwe, na kuta zake ni nene kupita desturi ya vyungu. Ukikiweka mezani hakisimami, chaanguka ubavu. Basi ni chungu gani hiki, kisichosimama, kisichoingia kata, tena kizito kuliko maji yatakayokuwamo?

Vyungu hivi vimeokotwa kutoka Misri na Sham mpaka Iraki, Uajemi na nchi za Asia ya kati, na vilifinyangwa baina ya karne ya 9 na ya 15. Kwa miaka mingi wengi walijibu swali letu kwa neno moja: bomu. Ati hivi ndivyo vyungu vya moto walivyorushiana wapiganaji wa zamani. Jibu hilo ni tamu kusikia. Kama ni la kweli, ndiyo habari yetu ya leo.

MOTO WA WARUMI

Sisi watu wa pwani Warumi si wageni kwetu. Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alitunga huko Pate utenzi wa Chuo cha Herekali, ambao wengine wauita Utenzi wa Tambuka, juu ya vita baina ya Waislamu na mfalme wa Rumi. Herekali mwenyewe, yule wa historia, alikufa mwaka 641. Miaka kama thelathini baada yake, katika zama za Muawiya, majeshi na merikebu za Waislamu zilifika mpaka chini ya kuta za Constantinople, mji ambao leo waitwa Istanbul. Ni katika safari za zama hizo alipofariki sahaba Abu Ayyub al-Ansari, na kaburi lake lazuriwa huko mpaka leo.

Hapo ndipo ulipotokea moto usiopata kuonekana. Theophanes, mwandishi wa Kirumi, asimulia kwamba fundi mmoja wa ujenzi jina lake Kallinikos, mtu wa Baalbek katika nchi ya Sham, alikimbilia kwa Warumi akawapa maarifa yake. Moto huo ulikuwa wa majimaji. Ulitiwa katika mitambo ndani ya merikebu ukarushwa kwa mirija ya shaba, nao uliwaka hata juu ya bahari. Merikebu za Waislamu ziliungua. Mwaka 717 Maslama bin Abdulmalik aliuzingira mji huo mara nyingine, na moto ule ule ukazila merikebu zake.

Warumi waliificha siri hii kama mtu afichavyo nuru ya jicho lake. Katika karne ya 10 mfalme wao Constantine wa saba alimwandikia mwanawe wasia kwamba mgeni yeyote akiuomba moto huo, anyimwe. Aambiwe kuwa uliletwa na malaika, na kwamba si halali kuutoa nje ya nchi. Hata walipopokonywa vyombo vyake, siri haikutoka. Mwaka 812 Wabulgari waliteka mirija 36 ya shaba pamoja na moto wenyewe, lakini hapana habari kwamba waliwahi kuutumia. Chombo wamekipata, kata hawana.

Lakini siri ikifichwa mno hufa na mwenyewe. Mwaka 1204 Wazungu wa Vita vya Msalaba walipouvamia mji wa Constantinople na kuuteka, moto ule wa mirija haukusikika. Na leo hapana mtu duniani awezaye kuupika kama walivyoupika. Wataalamu wanakisia tu kwamba asili yake ni mafuta ya ardhini, huenda yamechanganywa na utomvu wa miti.

NAFTI NA WATU WAKE

Waislamu nao hawakukaa wakilia. Nchi zao ndizo zilizokuwa na chemchemi za mafuta ya ardhini, katika Iraki na huko Baku. Mafuta hayo Waarabu wayaita nafti. Asidhani msomaji kuwa neno letu mafuta latokana na hilo kwa kuwa yanafanana masikioni. Mafuta ni neno letu la Kibantu, na ndugu zetu Wakikuyu wasema maguta. Walakini tabia ya vitu vyenyewe ni moja. Mpishi yeyote ajua kwamba mafuta yakishika moto kaangoni, ukiyamwagia maji umeuzidisha msiba. Ndivyo ilivyokuwa nafti vitani: maji hayakuizima bali yaliitawanya. Walioujua moto huo waliukabili kwa mchanga na siki.

Tabibu al-Razi, aliyefariki mwaka 925, aliandika namna ya kuikeneka nafti nyeusi mpaka ikatoka nyeupe, nyepesi, yenye kuwaka upesi, karibu na haya mafuta ya taa tutiayo katika jiko la utambi. Jeshi la makhalifa wa Baghdad likawa na kikosi chake maalumu, naffatun, yaani watu wa nafti, waliovaa nguo zilizotiwa dawa zisishike moto. Silaha yao nyepesi kabisa ilikuwa ni chungu. Hukitia nafti, hukiziba, hukitia moto, kisha hukirusha kwa mkono au kwa manjanika, ule mtambo mkubwa wa kurushia mawe. Kikifika hupasuka, na kilichomo humwagika na kuwaka papo hapo.

Habari kubwa ya vyungu hivyo ni ya Fustat, mji mkongwe wa Misri. Mwezi wa Novemba 1168 mfalme Amalric wa Wazungu wa Baitul Mukaddas alikuwa akiukaribia. Waziri Shawar akaona bora mji uungue kuliko kutekwa. Mwanahistoria al-Maqrizi, aliyeandika miaka zaidi ya 200 baadaye, asema zilipelekwa karura 20,000 za nafti na mienge 10,000, na mji ukawaka siku 54. Baadhi ya wataalamu wa leo wanaona habari hiyo imetiwa chumvi, na kwamba si mji mzima ulioteketea. Hata hivyo Fustat haukurudi tena kuwa kama ulivyokuwa. Na katika majaa yake ndimo vilimookotwa vyungu vingi vya mfano ule wa pia.

KIJANA WA AKKA

Lakini kisa nikipendacho mimi ni cha Akka, katika pwani ya Sham. Mwaka 1189 Wazungu waliuhusuru mji huo. Waislamu wamo ndani, Wazungu wamewazunguka, na Salahuddin Ayyubi naye amewazunguka Wazungu kwa nyuma. Wazungu wakajenga minara mitatu ya mbao, mirefu kuliko ukuta wa mji. Ibn al-Athir asema kila mmoja ulikuwa na urefu wa dhiraa sitini na ghorofa tano zilizojaa wapiganaji. Waliifunika kwa ngozi, wakaipaka siki na udongo na dawa za kuzuia moto. Watu wa mjini walirusha nafti yao mpaka wakachoka, haikufaa kitu.

Basi mlikuwa na kijana mmoja ndani ya mji, mtu wa Damascus, wa jamaa ya wafua shaba. Hakuwa askari wa nafti. Ilikuwa ni mapenzi yake tu kukusanya vyombo vya moto na kujaribu dawa zake, na watu walikuwa wakimlaumu kwa kupoteza wakati. Alipokwenda kwa amiri wa mji, Qaraqush, akaomba ruhusa, amiri alimkasirikia: mafundi wenyewe wameshindwa, atafanya nini yeye? Hatimaye akaachiwa, kwani anayezama hushika hata jani.

Kijana akapika dawa zake pamoja na nafti katika masufuria ya shaba. Kisha akarusha vyungu kwenye mnara wa kwanza, lakini havikuwa na moto. Wazungu walipoona chungu chapasuka na hakuna kinachowaka, walipanda juu wakacheza na kupiga kelele za dhihaka. Kumbe yeye anaulowesha mnara. Alipojua kuwa umekwisha kulowa, akarusha chungu chenye moto. Mnara ukawaka wote kwa mara moja, na waliomo hawakupata pa kutokea. Ukafuata wa pili, kisha wa tatu. Hiyo ilikuwa Mei 1190. Ibn Shaddad, kadhi wa jeshi la Salahuddin, alikuwako kambini, naye ameiandika habari hii. Kijana alipopelekewa Sultani na kuahidiwa mali na mashamba, alikataa. Alisema amefanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na malipo hayataki ila Kwake.

Mji wenyewe ulipata nafasi ya mwaka mmoja na ushei tu. Julai 1191 Akka ilitekwa.

Miaka sitini baadaye mambo yalirudi vile vile huko Mansura, Misri, jeshi la mfalme Louis wa Ufaransa lilipotiwa moto na Waislamu. Joinville, aliyekuwako, ameeleza namna moto ulivyokuja usiku ukivuma kama radi, wenye mkia mrefu kama mkuki, na kambi yote ikang'aa kama mchana. Mfalme, kila auonapo, hunyanyua mikono akalia na kuwaombea watu wake.

MOLA WA MOTO

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Kila aliyesoma chuoni amefunzwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipata kuagiza watu fulani wachomwe, kisha akaitangua amri hiyo, kwa kuwa kuadhibu kwa moto ni haki ya Mwenyezi Mungu peke yake. Je, wale wenye nafti hawakuijua hadithi hiyo?

Waliijua sana, na wanavyuoni walizungumza juu yake. Ibn Qudama, mwanachuoni aliyeishi Damascus katika zama hizo hizo za Salahuddin na kufariki mwaka 1223, ameandika kwamba adui akiweza kushindwa bila ya moto, basi haifai kumtupia moto. Ama ikiwa hapana njia nyingine, wanavyuoni wengi wameruhusu. Angalia, msomaji, mlango huo ulivyo mwembamba. Si ruhusa ya mtu kufurahia, ni ruhusa ya dharura, kama nyama ya mzoga kwa mwenye njaa ya kufa. Mimi humheshimu yule kijana kwa kukataa fedha. Lakini nikikumbuka waliokuwamo katika ghorofa zile tano, nafahamu kwa nini jambo kama lile mtu haombi malipo kwa binadamu.

Karne moja baada ya Akka, Hasan al-Rammah wa Sham, aliyefariki kiasi cha mwaka 1295, aliandika kitabu chenye mapishi mengi ya unga mpya wa vita, pamoja na namna ya kuisafisha ile chumvi yake ambayo Waarabu waliiita barudi. Tangu hapo nafti ikaanza kurudi nyuma, na neno hilo likazunguka dunia hata likafika kwetu: baruti. Chungu lakini hakikuachwa. Wareno walipoingia Bahari ya Hindi walikuwa navyo vyungu vya udongo vilivyojazwa baruti, wakivirusha kwa mikono kutoka chombo hadi chombo.

SI KILA CHUNGU NI BOMU

Sasa turejee kwa chungu chetu kisichosimama mezani. Tumeona kwamba vyungu vya moto vilikuwako kweli, vitabu vyashuhudia. Lakini je, hivi ndivyo? Kitabu hakikuchora picha, na chungu hakikuandikwa jina.

Katika karne iliyopita Mfaransa Maurice Mercier alivipima vigae vya Fustat kwa dawa, akaona alama za vitu vya kuwaka, akashika kwamba ni mabomu. Wengine wakampinga. Walisema, bomu hutakiwa livunjike, na vyungu hivi ni vigumu mno. Tena vingine vimenakshiwa kwa uzuri hata mtu huona haya kuvivunja. Nani atiaye nakshi kitu cha kutupwa? Wakasema ni vyombo vya zebaki, kwa kuwa zebaki ni nzito, yataka ukuta mnene na tundu dogo. Wengine wakasema ni vya marashi na dawa za thamani, zimiminwazo tone kwa tone. Wengine wakaonyesha kwamba baadhi yake vimeandikwa maneno ya kumtakia mnywaji heri. Basi ni vya fuqqa, kinywaji cha shayiri chenye kutoa povu, ambacho khalifa al-Hakim wa Misri alikipiga marufuku. Kinywaji chenye povu husukuma kuta, nacho chataka chombo kigumu.

Ubishi huo ulidumu kwa sababu kila mmoja alitaka jibu moja kwa vyungu vyote. Mwaka 2022 ndipo ilipotoka habari iliyonipendeza. Mtaalamu Carney Matheson wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, pamoja na wenzake, walivipima vigae vya vyungu vinne vya namna hii, vya karne ya 11 au ya 12, vilivyochimbuliwa miaka ya sitini katika mtaa wa Waarmenia, Baitul Mukaddas. Hawakuangalia umbo, walikwangua ndani, wakapima masalio yaliyokunywewa na udongo. Wakaona vyungu vile havikuwa na kazi moja. Vingine vilitiwa mafuta, vitu vya kunukia au dawa. Lakini kimoja, chenye ukuta mnene kuliko vyote na kisicho na nakshi yoyote, kilikuwa na masalio yafananayo na mchanganyiko wa kuwaka. Haikuwa baruti, huenda ni dawa iliyopikwa huko huko. Wenyewe walisema kwa tahadhari kwamba yamkini hicho kilikuwa ni bomu la mkono.

Basi kata imepatikana, nayo ni kipimo cha mkemia. Na siri iliyotoka ni hii: mfinyanzi alifinyanga umbo moja, na wanunuzi wakalijaza kila mmoja kilicho moyoni mwake. Huyu alitia marashi ya arusi, huyu dawa ya mgonjwa, huyu moto. Sisi wa pwani twafahamu vizuri, kwani kaa la moto ni moja: ukilitia katika chetezo na udi, nyumba nzima yanukia; likidondoka juu ya makuti, mtaa mzima walia. Udongo hauna lawama.

VIGAE VYETU

Nimeyaandika haya kwa sababu moja. Nilipokuwa mtoto, tukitoka chuoni alasiri, mchezo wetu ulikuwa ni kuokota vigae katika magofu na kuvirusha majini tuone cha nani kitaruka mara nyingi. Vingine vilikuwa na rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, ving'aavyo. Hivyo ndivyo tulivyovipenda, kwa kuwa vilionekana mbali. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba vigae vya rangi ile vilivyopatikana Shanga na Manda ni vya mitungi iliyoletwa kutoka Iraki na nchi za Ghuba tangu karne ya 8 na ya 9, na kwamba ni kwa vigae kama hivyo wachimbuzi walivyoweza kueleza umri wa miji yetu. Mimi na wenzangu tulikuwa tukiirusha tarehe yetu baharini, tena tukihesabu na kucheka.

Wafalme wa Rumi walifunga siri yao kwa viapo, na leo hapana aijuaye. Fundi wa udongo hakuficha kitu, hakuandika jina lake, alilipwa senti zake akaenda zake. Na kazi yake ndiyo iliyobaki kutoa ushahidi. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wazee kwa kumhurumia. Kumbe gae hilo hilo ndilo litakalomtaja. Yeyote apitaye katika magofu yetu na akaona kigae, na akiache pale pale kilipo, asikiuze kwa mgeni wala asikichukue kuwa pambo, kwani kikiondolewa mahali pake huwa kama shahidi aliyekatwa ulimi. Nami naaga kwa ubeti huu:

Siri yaijua kata, ya mtungi mle ndani,
Kata ukitoipata, uliza vigae chini,
Waliopigana vita, wamelala kaburini,
Na gae ukilikuta, usilitupe majini.